UZI: Tovuti ya chuo kikuu ina kurasa mamia, wenyewe ni nani? Tuzungumze, Unguja na Pemba

mlinda_tovuti (Unguja), mtoa mada

Assalaam aleikum ndugu zangu. Kazi yangu ni kusimamia tovuti za taasisi za elimu ya juu hapa Unguja, na kuna jambo limenikaa kifuani muda mrefu. Kila tovuti ya chuo inapolalamikiwa, uamuzi unaotoka juu huwa ni ule ule: itengenezwe mpya. Inatangazwa zabuni, inakuja kampuni, zinabadilishwa rangi na picha, unafanywa uzinduzi. Haupiti muda mrefu malalamiko yanarudi. Ada iliyoandikwa ni ya mwaka juzi. Kalenda ya masomo haionekani. Namba ya ofisi ya udahili inaita tu, kwa kuwa aliyekuwa nayo kahamishwa idara.

Sitataja chuo chochote kwa ubaya, na naomba wachangiaji mfanye hivyo hivyo. Shida hii nimeiona sehemu nyingi, za serikali na za binafsi, na wala si ya Zanzibar peke yake.

Ninachoamini ni hiki: usanifu mbaya unaumiza, lakini kinachoua tovuti ya chuo ni kurasa kukosa mwenyewe. Kila ukurasa unasema jambo ambalo ofisi fulani ndiyo inayolijua. Ada anaijua mtu wa fedha. Sifa za kujiunga anazijua mrajis. Mitaala iko kwa wakuu wa skuli na idara. Ukiuliza nani anawajibika na ukurasa wa ada, unajibiwa "watu wa TEHAMA". Kijana wa TEHAMA hakuwemo kwenye kikao kilichopandisha ada. Anasubiri barua, barua inasubiri saini, na wakati huo mzazi yuko Micheweni, Pemba, anapanga fedha kwa kiwango ambacho hakipo tena.

Vyuo vyetu vina ugumu mwengine wa kimaumbile. Chukueni SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, kikaanza kufundisha 2001, na leo kina kampasi Tunguu, Vuga, Nkrumah, Mbweni, Maruhubi, Chwaka, mpaka Wete kule Pemba. Baadhi ya sehemu hizo zilikuwa taasisi zinazojitegemea kabla ya kuunganishwa. TAKILUKI ya Vuga, yaani Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ni mfano tunaoujua wote. Taasisi zinapounganishwa popote duniani, majengo na wafanyakazi huhamishiwa chuo kipya kwa karatasi, lakini anwani za mtandaoni za zamani mara nyingi hakuna anayezikumbuka. Viungo vilivyokuwa vikielekeza kwenye taasisi ya zamani, kwenye makala za kitaaluma, kwenye tovuti za wafadhili, vinabaki vikielekeza patupu. Kuelekeza anwani ya zamani kwenye mpya ni kazi ya mistari michache kwenye seva. Haifanyiki kwa sababu haimo kwenye orodha ya kazi ya mtu yeyote.

Sasa nije kwa mtu ambaye tovuti hizi zinatakiwa zimtumikie kwanza. Huyo ni kijana aliyemaliza Kidato cha Sita.

Kuanzia 2010 waombaji wa vyuo nchini walikuwa wanapitia mfumo mmoja wa pamoja chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Mwaka 2017 utaratibu ukabadilika, mwombaji akawa anaomba moja kwa moja chuoni. Mabadiliko yale yalihamisha mzigo mzito kuupeleka kwenye tovuti za vyuo, na sidhani kama vyuo vingi vilijipanga kuupokea. Kabla ya hapo tovuti ilikuwa ya kujitangaza. Tangu hapo ikawa ndiyo dirisha lenyewe la ofisi ya udahili, na dirisha likifungwa saa sita usiku limefungwa, hata kama seva ilikuwa imezidiwa tangu magharibi.

Kijana huyu ana simu ya bei ya chini, kioo kimepasuka pembeni, na bando la siku. Anafungua ukurasa wa mwanzo. Kinachokuja kwanza ni picha kubwa zinazobadilishana: mahafali, mgeni rasmi, jengo jipya, mahafali tena. Kila picha imetoka kwenye kamera ikiwa na megabaiti nne au tano na hakuna aliyeipunguza. Vyuo vya nje walishalipima jambo hili. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Notre Dame cha Marekani kilitoa takwimu za tovuti yake, na kiasi cha asilimia 1 tu ya waliofungua ukurasa wa mwanzo ndio waliobofya hizo picha zinazobadilishana. Katika mibofyo hiyo, zaidi ya asilimia 80 iliangukia picha ya kwanza. Zilizobaki ni kama hazikuwepo. Sisi tunamlipisha mtoto wa watu bando lake kuzipakua zote.

Akishuka chini anakutana na hotuba ya kumkaribisha. Namheshimu kila kiongozi wa chuo, na hotuba ina mahala pake. Mahala hapo si mbele ya kitufe cha "Omba kujiunga".

Akifika kwenye kozi, anaambiwa apakue PDF. Hapa nataka nikae kidogo, maana PDF ya kuskani imetutesa kuliko wadukuzi. Ukurasa mmoja wa A4 ukiskaniwa kwa rangi, nukta 300 kwa inchi, unakuwa na nukta karibu milioni 8.7, kabla ya kubanwa hiyo ni kama megabaiti 26. Ukibanwa unapungua sana, lakini kitabu cha mwongozo cha kurasa 20 bado kinaweza kufika megabaiti kadhaa. Maneno hayo hayo yakichapwa ndani ya ukurasa wa kawaida wa tovuti hayafiki hata kilobaiti 100. Na faili lile la kuskani ni picha. Google ikilisoma kwa shida ndiyo bahati yenu. Mwanafunzi asiyeona anayetumia programu ya kusomewa hasikii chochote. Kwenye simu maneno ni madogo, inabidi uvute, usogeze, uvute tena. Sababu ya kuskani tunaijua: waraka unatakiwa uwe na muhuri na saini. Basi bandikeni maneno yaliyochapwa kwenye ukurasa, na nakala yenye muhuri iwe kiungo chini yake kwa anayeihitaji.

Nitaendelea. Karibuni mchangie.

---

mtoto_wa_wete (Pemba)

Kaka umesema kweli tupu. Mimi niliomba kupitia steshenari kwa sababu ukurasa wa maombi haukufunguka kwenye simu yangu, kitufe cha "endelea" kilikuwa kimejificha nje ya kioo. Mwenye steshenari akanijazia kila kitu. Nilipotaka kuingia mwenyewe kuangalia kama nimechaguliwa, akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe yake na namba yake. Tulikuwa wengi tulioombewa kwa namba ile ile. Nikawa kila siku nakwenda kumuuliza.

---

mlinda_tovuti

Ahsante mdogo wangu, umeigusa sehemu inayonikera kupita zote.

Steshenari zinafanya kazi kubwa na sizilaumu. Lakini mfumo wa udahili unategemea namba ya simu ya mwombaji. Aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja anatakiwa athibitishe chuo anachokwenda, na namba maalumu ya kuthibitishia inakuja kwa ujumbe kwenye simu. Ikiwa simu iliyoandikwa ni ya steshenari, ujumbe wa watoto chungu nzima unaingia kwenye kifaa kimoja cha mtu mwenye wateja mlangoni. Mtoto anaweza kupoteza nafasi akiwa na alama nzuri kabisa.

Chanzo ni ile fomu. Fomu ikifunguka vizuri kwenye simu ndogo, sehemu kubwa ya vijana watajaza wenyewe. Ichapwe kwa herufi zinazosomeka, kila hatua ijihifadhi yenyewe ili bando likikatika asianze upya, na pale pa namba ya simu kuandikwe kwa Kiswahili waziwazi: "Andika namba yako mwenyewe, utatumiwa ujumbe wa kuthibitisha." Mfumo pia unaweza kukataa namba moja kutumika kwa waombaji wengi, lakini hapo pana tahadhari: ndugu wawili wa nyumba moja wanaweza kuwa na simu moja kwa kweli. Kwa hiyo mimi naona ni bora mfumo uonye badala ya kukataa.

Jambo jengine la fomu ni majina. Sisi tuna jina la mtu, la baba, la babu. Fomu nyingi zimenunuliwa zikiwa na kisanduku cha "jina la ukoo" ambacho lazima kijazwe. Mmoja anaandika la babu, mwengine anaandika la baba, wa tatu anarudia jina lake. Halafu Khamis wa cheti cha kuzaliwa ni Hamis kwenye cheti cha mtihani, Fatma ni Fatuma. Mfumo ukilinganisha herufi kwa herufi unamkataa mtu halali. Aliyesanifu fomu huko alikotoka hakuwa na habari na Mohamed Ali Mohamed wangapi tunao hapa. Kazi ya kumweleza ilikuwa ya ofisi ya mrajis, siku ya kwanza ya mradi, na kwa kawaida ofisi hiyo huitwa siku ya mafunzo, mfumo umeshakamilika.

Kuna njia nyepesi ya kuyagundua haya mapema. Mtafiti Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwajaribisha watu 5 tu utaona sehemu kubwa ya kasoro za usanifu. Chukueni vijana 5 wa Kidato cha Sita, wawili watoke Pemba, wape simu zao wenyewe si kompyuta ya ofisini, waambieni: tafuteni ada ya mwaka wa kwanza ya ualimu, tafuteni mwisho wa kuomba ni lini. Kaeni kimya muwatazame. Msiwasaidie. Ni asubuhi moja, gharama yake ni nauli na chai.

---

mwalimu_wa_zamu

Mimi ni mhadhiri, naomba niongeze upande wetu. Ukurasa wangu wa wasifu kwenye tovuti ya chuo bado unanitaja kwa cheo nilichokuwa nacho kabla sijaenda masomoni. Niliandika barua, nikaambiwa nijaze fomu, nikaijaza, kimya. Wenzangu wengine wameacha, wanaweka machapisho yao kwenye mitandao ya watafiti ya nje. Mtafiti wa Ulaya akitafuta mtu anayesoma mwani au lahaja za Pemba, anaikuta kazi yetu huko kwengine, jina la chuo halionekani. Kisha tunaulizwa kwa nini hatupandi kwenye orodha za ubora.

---

mlinda_tovuti

Mwalimu wangu, pole. Hilo la orodha ni muhimu na halieleweki vizuri maofisini.

Orodha inayotajwa sana kwetu ni Webometrics, iliyoanzishwa 2004 na maabara ya baraza la taifa la utafiti la Uhispania. Watu wakisikia inahusu wavuti wanadhani inapima uzuri wa ukurasa, basi wanakimbilia kubadilisha rangi. Haiangalii hayo. Inaangalia, pamoja na mengine, ni tovuti ngapi za nje zinaelekeza kwenye kikoa (jina la mtandaoni) cha chuo, na kazi za watafiti wake zinavyonukuliwa. Kwa hiyo tasnifu ya mwanafunzi wa uzamivu wa Kiswahili ikikaa kwenye hifadhi ya machapisho ya chuo, ikasomeka na kila mtu, ikaelekezewa na wanafunzi wa Nairobi na Leipzig, hiyo ina faida kuliko ukurasa wa mwanzo wenye mapambo. Programu za kuendeshea hifadhi hizo zipo za bure. DSpace ipo tangu 2002 na vyuo vingi vya Afrika vinaitumia. Kinachokosekana ni mkutubi aliyepewa kazi hiyo kwa maandishi, na utaratibu kwamba mwanafunzi hamalizi taratibu za kuhitimu mpaka nakala laini ya tasnifu yake ipokelewe maktaba.

Na wasifu wa wahadhiri, kwa nini upitie TEHAMA? Mpeni kila mhadhiri akaunti yenye ruhusa ya ukurasa wake tu. Mkuu wa idara apitie kabla haujatoka. Mifumo yote mikubwa ya kusimamia maudhui, WordPress, Joomla, Drupal, inaweza kugawa ruhusa namna hiyo. Tunayo na hatuitumii, kwa hofu kwamba mtu atabandika jambo lisilofaa. Tangu nianze kazi hii sijaona mhadhiri akibandika upuuzi kwenye wasifu wake. Nimeona kurasa nyingi sana zilizooza kwa sababu mwenyewe hakuruhusiwa kuzigusa.

---

mzee_wa_seva

Mtoa mada, nakubaliana nawe nusu. Unazungumza kana kwamba umiliki wa kurasa ukipatikana mambo yamekwisha. Mimi nipo upande wa mitambo. Chuo kikiwa na vijana wawili wa kusimamia mtandao wa kampasi zote, maabara, mfumo wa mitihani, barua pepe na tovuti, utagawa umiliki wa nini? Shida ni watu na fedha.

Nikupe mambo matatu. Kwanza umeme. Wenye umri wangu wanakumbuka Unguja ilivyokaa gizani 2008, kisha tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 baada ya waya wa chini ya bahari kuharibika. Pemba ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010. Leo hali ni tafauti kabisa, lakini seva iliyoko ndani ya kampasi bado inataka jenereta, mafuta, betri na kiyoyozi, na hayo yote yanapita kwenye bajeti ile ile ya karatasi na wino. Basi wengine wanakimbia, wanakodi nafasi ya seva Ulaya au Marekani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zikakatika baharini, intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima, Tanzania ikiwemo. Siku kama hizo, tovuti ya chuo cha Zanzibar iliyohifadhiwa ng'ambo haifikiki vizuri hata kwa mtu aliyekaa Tunguu mlangoni pa chuo. Ukiiweka nchini inafikika kwa njia za ndani, lakini mtu wa nje haipati. Hakuna jibu la bure. Mimi ningeweka mfumo wa maombi nchini, nakala rudufu nje, na kurasa za maelezo kwenye huduma inayosambaza nakala sehemu nyingi.

Pili ni udukuzi, na hapa watu hawajui wanachochezewa. Anwani inayoishia na .ac.tz hupewa taasisi za elimu, kwa hiyo watu wanaiamini. Wahalifu wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo. Hawaiharibu tovuti, wanajificha ndani yake. Wanapachika mamia ya kurasa za kamari ambazo mgeni wa kawaida hazioni, ila Google inaziona. Rais wa wanafunzi akitafuta jina la chuo anakuta matangazo ya kamari chini ya jina hilo. Mlango wanaoingilia mara nyingi ni programu iliyopitwa na wakati. Joomla 3 iliacha kupata marekebisho ya usalama Agosti 2023, Drupal 7 ikafuata Januari 2025. Tovuti iliyojengwa kwa mifumo hiyo na kampuni ambayo haipokei simu tena ni mlango uliobaki wazi.

Tatu, vyeti vya usalama wa kiunganishi, vile vinavyofanya anwani ianze na https. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome kinaandika "si salama" kwenye tovuti isiyo na cheti. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt vinadumu siku 90, vinatakiwa vijihuishe vyenyewe. Asiyeweka utaratibu huo atakuta dirisha la udahili limefunguliwa na kila mwombaji anapewa onyo jekundu.

---

mlinda_tovuti

Sheikh wangu, hoja zako nazipokea zote, hasa ya nakala kuwekwa sehemu mbili. Kwenye watu na fedha bado nabishana nawe kwa nia njema.

Hao vijana wawili unaowasema, muda wao mwingi unakwenda wapi? Unakwenda kwenye kubandika matangazo. "Niwekee hii tangazo, niondolee ile, badilisha tarehe." Kila siku. Ofisi zikibandika zenyewe maneno yao, vijana hawa wanapata nafasi ya kuhuisha programu, kujaribu kama nakala rudufu inarudishika kweli, kuangalia kumbukumbu za seva. Kugawa umiliki ndiyo namna ya kuwapata watu unaowataka bila kuajiri mtu mpya.

Na kwenye zabuni: chuo kinaponunua tovuti, fedha yote inawekwa kwenye kujenga, ya kutunza haimo. Mkataba uandikwe na miaka ya matunzo ndani yake. Uandikwe pia kwamba siku ya makabidhiano chuo kinapewa msimbo wote, maneno ya siri yote, na maelezo ya namna ya kuirudisha tovuti ikianguka, na fungu la mwisho la malipo lisitoke mpaka kijana wa chuo airudishe tovuti nzima kwenye seva tupu mbele ya mkandarasi. Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar ipo, taasisi za umma zina pa kuuliza kabla ya kusaini. Vyuo binafsi viulizane wao kwa wao. Tunguu peke yake ina vyuo vikuu viwili.

---

bi_mwandishi

Nauliza jambo dogo. Kwa nini tovuti za vyuo vya Zanzibar, ambako ndiko kilikochukuliwa Kiswahili sanifu, ziwe kwa Kiingereza kitupu? Mama yangu anataka kujua dahalia ni kiasi gani. Yeye ndiye anayelipa.

---

mlinda_tovuti

Si jambo dogo, dada.

Jibu la maofisini huwa kwamba lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Ni kweli darasani. Lakini anayelipa, anayeamua binti aende Unguja au abaki Pemba, anayetaka kujua kama dahalia ya wanawake ina mlinzi, huyo anasoma Kiswahili. Sisemi tovuti nzima ifasiriwe. Sijaona chuo chenye uwezo huo, na tovuti iliyofasiriwa nusu ikaachwa ni mbaya zaidi, maana Kiswahili kitabaki na ada ya zamani huku Kiingereza kikiwa na mpya. Chagueni kurasa chache ambazo mzazi anazihitaji: ada na namna ya kulipa, mikopo ya bodi zote mbili, ya Zanzibar na ya Muungano, dahalia, tarehe, na nani wa kupigiwa simu. Hizo ziandikwe kwa Kiswahili na mtu wa ofisi husika, zisipitishwe kwenye mashine ya kufasiri. Wenye kozi za Kiarabu na sharia wakumbuke kwamba ukurasa wa Kiarabu unatakiwa uelekezwe kulia kwenda kushoto ndani ya msimbo, vinginevyo nukta na namba zinaruka mahala pake.

Kuna wageni pia. Watu wanatoka nchi za mbali kuja kujifunza Kiswahili Zanzibar tangu enzi za TAKILUKI, na wanatutafuta mtandaoni kwanza. Mgeni huyo akiona ukurasa wa kozi una tarehe za miaka mitatu iliyopita anadhani kozi imekufa, anakwenda kwengine.

Na rangi. Kijani na dhahabu zinapendeza kwenye bendera ya chuo. Maandishi ya dhahabu juu ya nyeupe, juani, kwenye simu, hayasomeki. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti unataka tafauti ya mwangaza baina ya maandishi na usuli isipungue 4.5 kwa 1. Vipo vipimo vya bure mtandaoni, unaweka rangi mbili unapata jibu papo hapo.

---

mtoto_wa_wete

Lakini kaka, vyuo vyenyewe siku hizi vinatangaza Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp. Tovuti ina haja gani tena?

---

mlinda_tovuti

Haja yake ni kukuthibitishia hilo tangazo la WhatsApp, mdogo wangu. Picha ya tangazo ikishatumwa haifi. Mwaka huu utatumiwa bango la mwaka jana lenye "mwisho wa kuomba ni Ijumaa" bila ya mwaka, na hutajua Ijumaa ipi. Na tapeli anaweza kutengeneza bango lenye nembo ya chuo na namba yake ya kulipia. Ukilipeleka bango hilo kwenye tovuti ya chuo, lazima ukute ukurasa wenye tangazo lile lile, tarehe kamili yenye mwaka, na jina la ofisi iliyolitoa. Usipolikuta, usitoe fedha. Kwa hiyo utaratibu uwe tangazo linawekwa kwenye tovuti kwanza, halafu bango la Instagram libebe kiungo chake.

---

mzee_wa_seva

Umenishawishi kwenye muda wa vijana. Sasa sema, chuo kisicho na fedha mwaka huu kianzie wapi kabla ya matokeo ya Julai?

---

mlinda_tovuti

Kianzie kwenye kikoa, kwa sababu hilo likiharibika hakuna jengine linalosaidia. Angalieni jina la chuo mtandaoni limesajiliwa kwa barua pepe ya nani. Nimeona taasisi ambayo anwani yake ilisajiliwa kwa barua pepe binafsi ya mtu aliyeacha kazi zamani. Ukumbusho wa kulipia ulikuwa unakwenda kwake. Anwani ikikatika, tovuti inalala na barua pepe zote za chuo zinalala nayo, hata ya Makamu Mkuu. Ibadilisheni iwe barua pepe ya ofisi inayosomwa na watu wawili, na ambayo haiko kwenye kikoa hicho hicho, ili ikikatika muweze kupokea ujumbe wa kuirudisha.

Baada ya hapo chukueni kurasa kumi zinazofunguliwa sana. Takwimu za tovuti zitawaambia ni zipi, msikisie. Kila mmoja uandikwe chini yake ofisi yenye dhamana na tarehe ya mwisho kuhakikiwa, na mrajis awe na orodha hiyo mezani. Mwezi wa Juni ukifika, kila ofisi iusome ukurasa wake na kubadilisha tarehe. Ofisi ambayo haikufanya itaonekana na kila mtu, kwa sababu tarehe yake itakuwa ya zamani.

Halafu msibadilishe seva wala mandhari ya tovuti dirisha la udahili likiwa wazi. Hata kama mgeni mzito anakuja. Ngojeni lifungwe.